Mlevi akifungiwa mlango wa baa, anaacha kurudia kosa? Historia ya zaidi ya miaka 100

Katika mitaa ya mashariki mwa Kongo, mtu akipiga wenzake mara ya pili au ya tatu akiwa amelewa, wakubwa wa nyumba kumi na wenye baa mara nyingi wanafikia neno moja: asiuziwe tena. Jina lake linatajwa, wenye nganda za karibu wanaonywa, na jirani wanapumua kidogo. Kinachofuata ndicho kigumu. Je, mtu huyo anaacha fujo, au anazihamisha tu? Kwa familia zilizokimbia vita, zinazolala watu wengi katika chumba kimoja au chini ya hema moja, swali hilo linagusa maisha ya kila usiku. Maana mlevi akifukuzwa baa, mara nyingi mahali anapokwenda kunywa ni nyumbani, mbele ya mke na watoto.

Wazo la kumfungia mlevi mlango kwa jina lake limejaribiwa kwa muda mrefu katika nchi kadhaa: kwa picha, kwa kitabu cha mgawo, kwa hukumu ya tribinali na kwa mashine. Historia ya majaribio hayo inaonyesha vizuri wapi katazo linasaidia na wapi linadanganya.

Birmingham: picha ya mlevi nyuma ya kaunta

Mwishoni mwa karne ya 19, tribinali za Uingereza zilichoka kuona sura zilezile. Mwanamke mmoja wa London, Jane Cakebread, alihukumiwa zaidi ya mara 200 kwa ulevi na fujo. Alitozwa faini, akafungwa, akaachiliwa, akalewa tena. Magazeti yalimfanya kichekesho, lakini mahakimu walimtazama kama dalili kwamba kifungo cha siku chache hakimbadilishi mtu wa namna hiyo. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Mwaka 1898 ilipitishwa sheria juu ya walevi wa kudumu. Mtu aliyekwisha kuhukumiwa mara tatu kwa ulevi ndani ya miezi 12, akirudia tena, aliweza kupelekwa katika nyumba ya marekebisho kwa muda usiozidi miaka mitatu. Wengi waliopelekwa huko walikuwa wanawake maskini, ingawa wanaume ndio waliojaa katika baa.

Kisha ikaja sheria ya vibali vya pombe ya 1902, iliyoanza kazi Januari 1903. Hiyo iligusa mlango wenyewe wa baa. Aliyehukumiwa kuwa mlevi wa kudumu alikatazwa kununua kileo mahali popote penye kibali kwa miaka mitatu. Akijaribu, alitozwa faini isiyozidi shilingi 20 mara ya kwanza, na shilingi 40 akirudia. Mwenye baa aliyemuuzia huku akimjua aliweza kulipa hadi pauni 10, na akirudia hadi pauni 20.

Katika mji wa Birmingham, polisi walitayarisha karatasi za walevi hao na kuzigawa kwa wenye baa. Kila karatasi ilikuwa na picha ya mtu, jina, umri, kazi, urefu, rangi ya nywele, alama za mwili na mahali alipozoea kunywa. Kati ya 1903 na 1906 karatasi zilizotolewa zilikuwa za watu zaidi ya 80. Walikuwa watu wa kazi za mikono, wachuuzi wa barabarani, wanawake wa kufanya usafi katika nyumba za wengine.

Udhaifu ulionekana mapema. Mji ulikuwa na baa nyingi mno. Muuzaji, jioni watu wakijaa, hakuwa na nafasi ya kufungua karatasi na kulinganisha nyuso. Sheria ilimwadhibu tu ikiwa alijua anamuuzia nani, kwa hiyo kusema hakumtambua kulimwokoa. Mlevi naye alikuwa na njia tatu rahisi: kumtuma rafiki, kuvuka hadi mtaa asikojulikana, au kuhama mji. Baada ya miaka michache orodha zilififia, na zile nyumba za marekebisho zikafungwa moja baada ya nyingine.

Lakini sheria hiyohiyo ya 1902 ilikuwa na vipengele vingine ambavyo leo havikumbukwi sana. Ilimpa mke wa mlevi wa kudumu, au mume wa mlevi wa kudumu, haki ya kuomba tribinali iwatenganishe. Pia ilifanya kuwa kosa kulewa hadharani ukiwa unachunga mtoto wa chini ya miaka saba. Waliotunga sheria walijua kwamba kulinda baa peke yake hakutoshi, kwa sababu anayeumia hasa yuko nyumbani.

Saa za baa zilipopunguzwa kwa wote

Jibu lingine lilikuja kwa njia ya vita. Mwaka 1915 serikali ya Uingereza iliunda baraza la kusimamia biashara ya pombe, kwa hofu kwamba ulevi unaharibu kazi katika viwanda vya silaha. Baraza hilo halikutafuta majina. Lilipunguza saa za baa kwa kila mtu. London, ambako baa ziliweza kuwa wazi zaidi ya saa 19 kwa siku, zikabaki na saa tano na nusu. Kodi ikapanda, na bia ikapunguzwa nguvu.

Hukumu za ulevi katika England na Wales zilikuwa karibu 189,000 mwaka 1913. Mwaka 1918 zilikuwa kama 29,000. Ni kweli kwamba wanaume wengi walikuwa wamekwenda vitani, na hilo lilipunguza idadi. Lakini hukumu za wanawake, ambao hawakwenda vitani, nazo zilishuka sana. Katazo la majina machache halikuwahi kuleta badiliko la ukubwa huo.

Kongo: katazo lililotazama rangi

Wakati Uingereza inaandika majina ya walevi wake, Kongo ilikuwa chini ya katazo ambalo halikuuliza mtu amefanya nini. Mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 ulikubaliana kuzuia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati. Tarehe 10 Septemba 1919, mkataba wa Saint-Germain-en-Laye ulilitia nguvu tena jambo hilo, Ubelgiji ikiwa miongoni mwa waliotia sahihi. Katika koloni, Mwafrika alikatazwa pombe kali huku Mzungu akiinywa. Bia ndiyo iliyoachwa kwa wote. Kiwanda cha bia cha Léopoldville kilianzishwa mwaka 1923, na chupa za kwanza za Primus zikatoka mwishoni mwa 1926.

Katazo hilo lilimweka mtu mtulivu na mtu wa fujo katika fungu moja. Halikumfundisha yeyote kuacha kosa, maana halikuhusu kosa. Watu waliotaka kinywaji kikali walikipika wenyewe kwa mahindi au mihogo, usiku, porini au nyuma ya nyumba. Hiyo ndiyo lotoko, ambayo Katanga wanaiita lutuku. Hakuna aliyepima nguvu yake, na mpishi asiyejua kutenga maji ya kwanza ya mvuke aliweza kuuza sumu inayopofusha macho au kuua. Wakoloni waliondoka, katazo lao likafutika, lakini lotoko ilibaki.

Historia hiyo iliacha mambo mawili ambayo bado yako hai. La kwanza ni ufundi wa kupika pombe bila kibali, ulioenea kila mahali. La pili ni shaka ya watu kila wanaposikia mkubwa fulani ametoa orodha ya wasioruhusiwa kunywa. Shaka hiyo ina sababu.

Uswidi: kitabu cha mgawo

Uswidi ilichukua njia ya katikati. Daktari Ivan Bratt wa Stockholm hakutaka pombe ikatazwe kabisa, wala hakutaka iachwe huru. Mfumo wake, ulioanza Stockholm na kuenea nchi nzima kuanzia 1917, ulimpa kila mnunuzi wa pombe kali kitabu chenye jina lake. Aliponunua dukani, kiasi kiliandikwa. Mgawo wa mwezi ukiisha, alingoja mwezi mwingine. Aliyejulikana kwa ulevi na fujo alinyang'anywa kitabu au hakupewa kabisa. Mke wa mtu kwa kawaida hakupewa chake.

Mwaka 1922 Waswidi walipiga kura kuamua kama pombe ikatazwe kabisa. Kura za wanaume na za wanawake zilihesabiwa mbalimbali. Wanawake wengi walitaka katazo, wanaume wengi walilikataa, na waliokataa wakashinda kwa tofauti ndogo. Kitabu cha Bratt kikaendelea hadi tarehe 1 Oktoba 1955.

Mfumo huu ulikuwa na nguvu kuliko karatasi za Birmingham kwa sababu moja: muuzaji hakuhitaji kukumbuka sura ya mtu mbaya. Kila mtu alionyesha kitabu, na asiye na kitabu hakuuziwa. Hata hivyo njia za pembeni zilikuwapo. Aliyenyimwa alinunua kwa siri kutoka kwa wenye vitabu, kwa bei ya juu. Mgawo ulipofutwa mwaka 1955, ulevi wa hadharani ulipanda wazi, na serikali ikalazimika kupandisha bei. Kwa hiyo kitabu kilikuwa kimezuia kitu, ingawa kiliwaudhi wengi kwa jinsi kilivyochungulia maisha yao na kuwapendelea wanaume wenye mali.

Hukumu za tribinali, kisha mashine

Uingereza ilirudi kwenye wazo la jina mwaka 1980. Sheria mpya iliruhusu tribinali kumkataza mtu aliyefanya ukatili ndani ya baa asiingie tena katika baa zilizotajwa, kwa muda wa miezi mitatu hadi miaka miwili. Mwaka 2006 iliongezwa amri nyingine ya kumzuia mtu kunywa au kununua pombe, kwa miezi miwili hadi miaka miwili. Amri hiyo ya pili haikudumu, ikafutwa na sheria ya 2014. Kilichodumu zaidi ni wenye baa kuungana wenyewe na kupeana habari: aliyefukuzwa kwa mmoja, anafukuzwa kwa wote. Hapo baa inakuwa salama zaidi, na hilo si dogo kwa wahudumu wanaofanya kazi usiku. Lakini usalama wa baa ni jambo moja, na kuacha kosa ni jambo lingine.

Australia ilijaribu kutumia mashine. Katika eneo la Northern Territory, lenye miji ya Darwin na Alice Springs, orodha ya wanywaji waliokatazwa ilianza Julai 2011. Kila mnunuzi wa pombe ya kubeba alionyesha kitambulisho, mashine ikakisoma, na jina likiwa katika orodha hakuuziwa. Serikali mpya ilifuta orodha hiyo mwaka 2012, na serikali nyingine ikairudisha Septemba 2017. Ilitumika kwa kila mnunuzi, wa rangi yoyote, kwa sababu huko nako wenyeji wa asili walikuwa wamekatazwa pombe kwa rangi yao hadi miaka ya 1960, na kumbukumbu hiyo inauma bado.

Mashine ilimaliza udhaifu wa kusahau sura. Haikumaliza udhaifu wa ndugu. Wapimaji wa mpango huo walisikia mara kwa mara kwamba waliokatazwa wananunuliwa na jamaa zao, wengine kwa kuombwa, wengine kwa kutishwa. Mzigo wa katazo uliangukia tena familia: mama, dada au mke ndiye anayeambiwa aende dukani, na akikataa, anajua kitakachompata.

Kuna pia mtego katika kuhesabu mafanikio. Mtu hufungiwa mlango siku ambayo vurugu zake zimefika kileleni. Baada ya kilele watu wengi hutulia kidogo, hata wasipofanywa lolote. Anayelinganisha mwezi wa kabla ya katazo na mwezi wa baada yake anaweza kulisifu katazo kwa utulivu ambao ungekuja wenyewe. Ili kujua ukweli lazima watu waliokatazwa walinganishwe na wengine wa namna yao ambao hawakukatazwa, na wafuatwe hata baada ya katazo kuisha.

South Dakota: kupimwa asubuhi na jioni

Mpango uliopimwa kwa uangalifu zaidi haukuanzia mlangoni mwa baa. Mwaka 2005, jimbo la South Dakota nchini Marekani lilianza kuwapa masharti watu waliokamatwa kwa kosa lililotokana na pombe, hasa kuendesha gari wakiwa wamelewa mara kwa mara. Sharti lilikuwa kutokunywa kabisa. Kila siku, asubuhi na jioni, mtu alikwenda kupuliza katika kipimo. Kila kipimo kililipiwa dola moja, na mpimwaji mwenyewe ndiye aliyelipa. Akionekana amekunywa, au asipofika, alifungwa papo hapo kwa siku moja au mbili. Hakungoja kesi ya miezi, na hakupewa kifungo cha miaka.

Kati ya 2005 na 2010 watu zaidi ya 17,000 walipita katika mpango huo. Watafiti wa shirika la RAND, katika kazi iliyotoka mwaka 2013, walilinganisha wilaya na nyakati ambazo mpango ulikuwapo na zile ambazo haukuwapo. Kukamatwa tena kwa kuendesha umelewa kulipungua kwa asilimia 12. Kukamatwa kwa ukatili wa nyumbani kulipungua kwa asilimia 9.

Namba hiyo ya pili ndiyo inayopaswa kuangaliwa sana. Mpango haukulinda baa. Ulifuata mwili wa mtu popote alipokunywa, iwe baa, kwa rafiki au nyumbani. Rafiki akimnunulia, kipimo cha asubuhi kitasema. Adhabu ilikuwa ndogo, lakini ya hakika na ya haraka.

Nini kinaeleweka kwa mitaa na kambi

Ukipanga majaribio haya kwa mstari, jibu linaonekana. Kumfungia mtu mlango wa baa kunapunguza fujo katika baa ile, ikiwa muuzaji anaweza kumtambua na ana sababu ya kumkataa. Kunapunguza kurudia kosa pale tu ambapo hakuna mlango wa pili ulio karibu, au pale ambapo kuna mtu anayemfuatilia mlevi mwenyewe siku kwa siku.

Katika sehemu nyingi za Kivu masharti hayo hayapo. Kasiksi inauzwa uani, kanyanga inauzwa kwa kikombe, na muuzaji mara nyingi ni mama mhamaji asiye na shamba wala kazi nyingine ya kulisha watoto. Hana kibali cha kunyang'anywa, na akikataa kumuuzia mtu mwenye nguvu au mwenye silaha, hana wa kumlinda. Mashine ya Darwin ilitegemea kila mtu awe na kitambulisho. Huku wengi walioacha nyumba zao usiku walipoteza hata kadi ya uchaguzi.

Hilo halimaanishi kwamba mtaa ukae kimya. Linamaanisha kwamba jina likitajwa, kazi ndiyo imeanza. Wakubwa wanaomkataza mtu wanahitaji kukubaliana na wauzaji wote wa karibu kwa pamoja, siyo na baa moja. Wanahitaji kusema kosa ni lipi na katazo linaisha lini, kwa sababu orodha isiyo na mwisho, mahali ambapo watu wa makabila na vijiji mbalimbali wamebanana, hugeuka haraka kuwa silaha ya kulipiza kisasi. Saa ya kufunga kwa wote, inayoheshimiwa kweli, inaweza kufanya zaidi ya majina kumi, kama miaka ya 1915 hadi 1918 ilivyoonyesha.

Zaidi ya hayo, lazima mtu apite nyumbani kwa aliyekatazwa. Mke wake aulizwe bila yeye kuwapo, na mtu anayeaminika kwa wanawake, kama usiku umekuwa salama zaidi au umekuwa mbaya zaidi tangu katazo litolewe. Ikiwa umekuwa mbaya zaidi, katazo limehamisha kipigo kutoka mahali pa watu wengi kwenda mahali pasipo na shahidi, na mama huyo na watoto wake wanahitaji mahali pa kulala usiku huohuo.

Kituo cha afya nacho kina nafasi. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akizuiwa ghafula, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyopo, kupata degedege na hata kufa ndani ya siku chache. Wauguzi wanajua dalili hizo. Familia ikiona mtetemeko mkali au kuchanganyikiwa siku ya pili au ya tatu baada ya kuacha, isidhani ni roho mbaya au ukaidi, impeleke haraka.

Polisi wa Birmingham walidhani kwamba mlevi akijulikana kwa uso, kazi imekwisha. Katika avenyu au kambi, kila mtu anamjua mlevi kwa uso tangu zamani. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza kesho yake asubuhi amelalaje, na kumuuliza mke wake pia.